Saratani ya matiti: Shilingi yetu ya Tabora ianzie wapi?

NDUGU msomaji, hebu chukulia kwamba leo asubuhi wakati unaoga, mkono wako umegusa uvimbe ndani ya titi, mgumu, mdogo kama punje ya kunde. Hauumi, homa huna, na kazi zako zote unazifanya kama kawaida. Je, utamwambia nani? Na kama wewe ni baba wa nyumba, mkeo au mama yako mzazi akikujia na habari hiyo, utamjibu nini?

Ukweli ni kwamba wengi wetu husubiri. Tunasema ni maziwa yameganda, ni jipu linatunga, ni tezi tu na itapita. Kwa kuwa hakuna maumivu, tunaona hakuna haraka. Hapo ndipo penye hatari, kwani saratani ya matiti inapoanza kwa kawaida haiumi. Ikifika siku ya kuuma, ngozi ikachubuka na kutoa maji, mara nyingi imeshakwenda mbali. Tathmini ya huduma za matiti iliyofanywa hapa nchini mwaka 2017 ilieleza kuwa takriban wanawake wanane kati ya kila kumi wanaopatikana na saratani hii hupatikana ikiwa hatua ya tatu au ya nne. Hatua ya nne maana yake ni kwamba ugonjwa umeshatoka kwenye titi na kwenda kwenye mifupa, ini, mapafu au ubongo. Hapo tiba huwa ni ya kupunguza makali na kurefusha maisha, si ya kuponya.

Makala haya yanazungumzia upande ambao watu wengi huukwepa, nao ni fedha. Mkoa wa Tabora una watu zaidi ya milioni tatu kwa sensa ya mwaka 2022. Zikipatikana shilingi chache za kupambana na saratani ya matiti, shilingi hizo zianzie wapi ili ziokoe akina mama wengi zaidi?

Ugonjwa mmoja, hatima mbili

Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani (WHO), mwaka 2022 wanawake milioni 2.3 duniani waligunduliwa na saratani ya matiti na watu 670,000 walifariki kwa ugonjwa huo. Katika nchi zenye maendeleo makubwa kabisa, mwanamke mmoja kati ya 12 hugundulika na ugonjwa huu katika maisha yake, lakini anayekufa nao ni mmoja kati ya 71. Katika nchi zenye maendeleo duni, anayegundulika ni mmoja tu kati ya 27, lakini anayekufa ni mmoja kati ya 48.

Yasome tena mahesabu hayo, ndugu msomaji. Wenzetu wanaugua zaidi kuliko sisi, lakini sisi ndio tunaokufa zaidi. Tofauti kubwa ipo katika siku mgonjwa anapofika hospitali na kinachofanyika baada ya kufika.

Utafiti uliofuatilia wanawake zaidi ya 2,000 wenye saratani ya matiti katika Uganda, Zambia, Nigeria, Namibia na Afrika Kusini, ambao matokeo yake yalitolewa mwaka 2020, uliona kuwa baada ya miaka mitatu nusu yao tu ndio waliokuwa hai. Watafiti walikadiria kuwa kati ya kila vifo 100, vifo 28 hadi 37 vingeweza kuepukwa iwapo uvimbe ungeonwa ungali mdogo na tiba ikaboreshwa. Utafiti huo huo ulionyesha kuwa kwa kila wanawake 100 wa umri wa chini ya miaka 50 waliofariki, watoto wapatao 210 waliachwa bila mama. Hivyo tunapozungumzia gharama za saratani, tusihesabu dawa peke yake. Tuhesabu na mayatima.

Je, tudai mashine?

Yanapozungumzwa mapambano dhidi ya saratani ya matiti, neno la kwanza kutajwa ni mamografia, yaani mashine inayopiga titi picha ya eksirei na kuweza kuona uvimbe kabla mkono haujaugusa. Ni kipimo kizuri, na nchi tajiri zimekitumia kwa miaka mingi kupima wanawake wote wa rika fulani hata kama hawana dalili. Basi watu husema, nasi tuletewe.

Tatizo ni kwamba mashine peke yake haiokoi mtu. Inahitaji umeme wa uhakika, fundi, mtaalamu wa kupiga picha na daktari aliyesomea kuzisoma. Inahitaji wanawake walio wazima waitwe na waje kila baada ya miaka miwili. Kisha kila atakayeonekana na kivuli cha kutia shaka apate kipimo kingine, na atakayethibitika apate upasuaji na dawa. Aidha, matiti ya wanawake wenye umri mdogo yana nyama nzito ambayo huificha saratani katika picha, na wagonjwa wetu wengi hawajafikia uzee.

Ndiyo maana WHO katika mwongozo wake wa mwaka 2014 haikuzishauri nchi zenye uwezo mdogo na huduma dhaifu za afya kuanza na mamografia kwa wanawake wote. Ilizishauri kuanza na kuwagundua mapema na kuwatibu haraka wale ambao tayari wana dalili. Ilieleza pia kuwa kupimwa titi kwa mkono na mhudumu aliyefunzwa ni njia ya bei nafuu inayotia matumaini.

Wenzetu wa Ghana walifanyiwa hesabu hiyo kwa fedha. Katika uchambuzi uliochapishwa mwaka 2012, wataalamu walilinganisha njia mbalimbali kwa kuangalia kila moja ingegharimu dola ngapi kuokoa mwaka mmoja wa maisha yenye afya. Njia iliyoongoza ilikuwa ni kuwapima kwa mkono wanawake wa miaka 40 hadi 69 kila baada ya miaka miwili, pamoja na kuwatibu wagonjwa wa hatua zote. Ilikadiriwa kugharimu dola 1,299. Ya pili ilikuwa ni kuelimisha umma kwa vyombo vya habari, dola 1,364. Mamografia kwa wanawake wa rika hilo ilionekana kuwa gharama yake hailingani na faida yake kwa nchi ya namna hiyo.

Zingatia maneno yale "pamoja na kuwatibu". Kumpima mtu, ukamwambia ana saratani, kisha ukamwacha bila tiba, ni sawa na kumwamsha usiku umwambie nyumba yake inaungua huku kisima kimekauka.

Mkono uliofunzwa

Je, kuna ushahidi kwamba mkono unaweza kuokoa maisha? Upo, na ni vyema tuueleze kwa haki bila kuongeza chumvi.

Mjini Mumbai, India, ulianzishwa mwaka 1998 utafiti uliohusisha wanawake 151,538 wa umri wa miaka 35 hadi 64. Nusu yao walipimwa matiti kwa mkono na wahudumu wa afya wa kike waliofunzwa, kila baada ya miaka miwili, na nusu nyingine hawakupimwa. Matokeo ya miaka 20 yalitolewa mwaka 2021. Waliopimwa waligundulika ugonjwa ukiwa bado katika hatua za mwanzo kuliko wenzao. Kwa wenye umri wa miaka 50 na zaidi, vifo vya saratani ya matiti vilipungua kwa asilimia 30 hivi. Kwa walio chini ya umri huo, upungufu wa vifo haukuonekana wazi.

Kwa upande mwingine, mjini Shanghai, China, wanawake wapatao 266,000 wa viwanda vya nguo walishirikishwa katika utafiti ambapo nusu yao walifundishwa kwa makini kujipima wenyewe kila mwezi. Baada ya takriban miaka kumi vifo havikutofautiana, na waliofundishwa walifanyiwa upasuaji mdogo mwingi zaidi kwa vivimbe visivyo saratani. Hii haina maana kwamba mwanamke asiyajue matiti yake. La hasha. Maana yake ni kwamba somo la kujipima kila mwezi kwa utaratibu maalumu halitoshi kuwa mpango wa taifa. Jambo lenye manufaa ni kuyajua matiti yako yalivyo siku zote, na yakibadilika, kwenda haraka kwa mwenye ujuzi.

Mfano ulio karibu zaidi na hali yetu unatoka Sudan, katika jimbo la Gezira. Kati ya mwaka 2010 na 2012, wanakijiji waliojitolea walifunzwa kutambua matiti yasiyo ya kawaida, wakapima wanawake 10,309. Kati ya hao, 138 waliambiwa waende hospitali ya wilaya. Waliofika ni 118. Kati yao 101 walikutwa na vivimbe visivyo saratani, wanane walikuwa na saratani changa ambayo bado haijapenya nje ya mirija ya maziwa, na tisa walikuwa na saratani iliyokwisha kupenya.

Katika hesabu hiyo kuna habari mbili. Ya kwanza ni njema: katika kila wanawake saba waliofika hospitali, sita hawakuwa na saratani. Kwa hiyo usiogope kwenda. Kuna uwezekano mkubwa zaidi wa kurudi nyumbani na moyo mweupe kuliko kurudi na majonzi. Habari ya pili inahuzunisha: wanawake 20 waliambiwa waende, hawakwenda.

Njia ya misafara

Hao ishirini ndio wanaotuhusu sisi watu wa Tabora, kwa sababu sisi ni watu wa njia ndefu. Katika karne ya 19, misafara ya Waarabu, Waswahili na Wanyamwezi ilipita hapa ikitoka Bagamoyo kwenda Ujiji. Wasafiri wa Kiingereza Burton na Speke waliondoka pwani mwishoni mwa Juni 1857 na kuingia Kazeh, yaani Tabora, tarehe 7 Novemba, safari ya zaidi ya miezi minne. Wapagazi wa Kinyamwezi waliojulikana kwa uhodari wao walijua jambo moja: msafara haukufika kwa mbio za siku ya kwanza. Ulifika kwa sababu kila kambi njiani ilikuwa na maji na chakula. Kambi moja ikikosa maji, mzigo haufiki pwani.

Leo reli inapita karibu na njia ile, lakini mgonjwa wa saratani bado ana msafara wake. Anaanzia zahanati ya kijijini, tuseme Sikonge au Kaliua. Anatumwa hospitali ya wilaya, kisha Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Kitete. Akithibitika na akahitaji mionzi, atakwenda Bugando, Mwanza, au Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 800 kwa reli kutoka Tabora mjini. Kila kituo kina nauli yake, mahali pa kulala, na siku za kusubiri. Pia kila kituo kina sababu ya kumfanya mama arudi nyumbani akiwa hajatibiwa.

Mwaka 2021 WHO ilianzisha mpango wa dunia wa saratani ya matiti wenye malengo matatu ambayo kila mtu anaweza kuyashika kichwani. Kwanza, angalau wagonjwa 60 kati ya 100 wenye saratani iliyopenya wagundulike katika hatua ya kwanza au ya pili. Pili, mgonjwa apate uthibitisho wa ugonjwa ndani ya siku 60 tangu afike kwa mara ya kwanza kituo cha afya. Tatu, angalau wagonjwa 80 kati ya 100 wamalize tiba yao yote. Ukitazama vizuri utaona kwamba malengo hayo yanahusu safari ya mgonjwa kuliko mashine.

Basi jibu la swali letu ndilo hilo. Shilingi ya kwanza iende kwenye kambi za njiani. Imfunze muuguzi wa zahanati kupima titi. Iwezeshe hospitali ya mkoa kuchukua kinyama na kupata majibu ya maabara kwa wiki chache, si miezi. Imlipie nauli asiye na uwezo, na ihakikishe upasuaji na dawa vipo. Mwezi Januari 2024 serikali ilizindua mpango wa kuwapata wahudumu wa afya ngazi ya jamii zaidi ya 137,000 nchi nzima. Hao ndio wangeweza kuwa mkono wa kwanza. Ni juu yetu kuwauliza madiwani na wabunge wetu kama titi limo katika kazi watakazofundishwa. Mashine itakuja nayo, na itafaa zaidi siku ambayo njia imeshatengenezwa.

Dalili za kuangalia

Huna haja ya kifaa chochote. Wakati wa kuoga, mkono ukiwa na sabuni huteleza vizuri na huhisi zaidi. Angalia yafuatayo:

Uvimbe au ugumu kwenye titi au kwapani. Titi moja kubadilika umbo au ukubwa. Ngozi kubonyea ndani, au kuwa na vishimo kama ganda la chungwa. Chuchu iliyokuwa nje kuingia ndani. Chuchu kutoa damu au majimaji yasiyo maziwa. Kidonda au ukurutu wa chuchu usiopona.

Ukiona mojawapo, na isiondoke baada ya hedhi moja kupita, nenda ukapimwe. Aliyekoma hedhi asisubiri. Anayenyonyesha akitibiwa jipu la titi na uvimbe usiishe, arudi tena, asiridhike. Mwenye mama au dada aliyewahi kuugua ugonjwa huu awe mwangalifu zaidi. Wanaume nao huugua, ingawa ni karibu mmoja tu kati ya wagonjwa 100.

Tuyaondoe na maneno ya mitaani. Saratani ya matiti haitokani na uchafu, wala na kuweka noti au simu kwenye sidiria. Haiambukizi kwa kula pamoja, kwa kunyonyesha wala kwa kumwogesha mgonjwa. Kama titi limeshachubuka, kidonda kisafishwe kwa maji safi yaliyochemshwa na kupoa, kifunikwe kwa kitambaa safi kinachobadilishwa kila siku, na mgonjwa apelekwe hospitali. Harufu ya kidonda si laana. Ni vijidudu vinavyotibika, na mgonjwa asitengwe kwa ajili yake.

Haya, mganga na mfuko

Wapo akina mama wanaochelewa kwa sababu ya haya. Stara ni jambo tunalolithamini, na mgonjwa ana haki ya kuomba apimwe na muuguzi au daktari wa kike, au awe na ndugu yake chumbani. Lakini asipopatikana mwanamke, dharura ya ugonjwa ina hukumu yake, na masheikh wetu wanalijua hilo. Wahenga walisema, mficha uchi hazai, na mficha maradhi kifo humuumbua.

Wapo wanaoanzia kwa mganga wa kienyeji na kukaa huko nusu mwaka. Anayetaka dua aombewe, lakini aombewe akiwa njiani kwenda Kitete. Dua haihitaji rufaa icheleweshwe.

Na wapo wanaokwama kwa fedha. Hao wamuone afisa ustawi wa jamii wa hospitali, kwani upo utaratibu wa msamaha kwa wasio na uwezo. Lakini nauli ya kufika huko ni letu sisi. Mtu akifariki mtaani kwetu, Gongoni, Isevya au Ng'ambo, kabla jua halijatua tumeshachanga sanda, usafiri na chakula cha wageni, na hakuna anayeuliza fedha zimetoka wapi. Mama huyo huyo miezi minane nyuma alihitaji nauli ya Mwanza na fedha za kula wiki mbili, na hakuna aliyepitisha bakuli. Kikundi cha akina mama, kamati ya msikiti au chama cha kuzikana kikitenga sehemu ndogo ya michango yake kwa ajili ya wenye barua za rufaa, kitakuwa kimefanya kazi kubwa ya kupambana na saratani.

Ndugu msomaji, wanawake ishirini wa kule Gezira walikuwa wameshapimwa, na barua ya kwenda hospitali walikuwa nayo. Kilichobaki ilikuwa ni safari. Basi leo jioni muulize mama yako, mkeo, dada yako, shangazi yako: kuna jambo lolote kwenye titi ambalo hujamwambia mtu? Akisema lipo, usimjibu kwamba litapita. Mwambie, kesho asubuhi tunakwenda pamoja.